Intore Nyekundu Haichumwi

Ninyi wajukuu zangu, na ninyi watoto wa jirani mnaoingia kwangu bila hodi, mkisukuma intore zangu chungu chini ya bugali mnadhani sioni. Naona. Naona mnavyokunja uso, naona mnavyotafuta maji ya kunywa, na juzi nilimsikia mmoja wenu, simtaji, anajijua, akisema, "Bibi anatupikia dawa." Sawa. Leo nitawaambia hiyo dawa ilitoka wapi, na mtasoma mpaka mwisho, kwa sababu kuna watu katika mji huu wanaosimulia habari zangu vibaya na mimi sijafa. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo msinitafutie makosa ya herufi. Nitafutieni uongo. Hamtaupata.

Wiki iliyopita nilikwenda arusi mtaa wa Mutanga Sud. Wakatuletea wali, na juu ya wali vipande vya zile biringanya nene za zambarau, zinazong'aa kama kiatu cha askari, laini, hazina ladha ya mtu wala ya udongo. Meza nzima inasifu. Mimi nikaziweka kando, na mwanamke mzee aliyekaa kiti cha pili akaniinamia akicheka, "We unaziacha kwa sababu aziumi ulimi." Nikamtazama. Meno yalikuwa yamepungua, lakini kile kicheko cha puani nilikijua. Adija! Adija wa Gihosha, binti wa yule mama aliyekaribia kuwa mama mkwe wangu. Hatukuwa tumeonana tangu usichana. Tukashikana mikono, akanipa pole ya mume wangu, nikampa pole ya mama yake. Halafu akasema, kwa wema kabisa, "Lakini mama alikusamehe kitambo, Zena. Mpaka anakufa alikuwa anasema, ule mutoto alikuja mwenyewe, akapiga magoti, akaniomba musamaha." Nikaweka kijiko chini. "Adija," nikamwambia, "magoti nilipiga. Musamaha sikuomba. Na we ulikuwa apo." Watu wa mezani wakaanza kutazama sahani zao. Adija alichezea pindo la mtandio wake, kisha akasema polepole, "Nilikuwa apo."

Basi tuanze na mwaka wenyewe. Nani alinizaa, na kwa nini nilipelekwa Kinama kukaa kwa shangazi yangu Mwavita, hayo hayawahusu. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nyumba ya shangazi ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba viwili na sebule, na kati ya sebule na chumba kulikuwa na pazia la maua ambalo chini lilikuwa limeungua na mshumaa. Nyuma kulikuwa na jiko, yaani kibanda cha mabati chenye mbabula mbili, majiko ya makaa, na ukuta mweusi kwa moshi, na ukitoka jikoni unakanyaga bustani. Haikuwa kubwa. Mume wa shangazi, Mzee Rajabu, alikuwa akisema mtu akilala chali pale miguu itafika kwa jirani. Lakini ndani ya kile kipande hakukuwa na kitu kingine ila intore. Watanzania wanaziita nyanya chungu, wengine ngogwe. Zile za shangazi zilikuwa nyeupe zenye mistari ya kijani, fupi, nene chini, na chungu. Sisemi zilikuwa na uchungu kidogo. Ulikuwa uchungu unaokushika nyuma ya ulimi, unakaa, unakusubiri umalize kulalamika, halafu unaacha utamu nyuma yake. Hakuna mtu mwingine Kinama aliyekuwa nazo. Watu walikuja kuomba miche, shangazi aliwapa, wakaipanda kwa haraka yao, wakachuma zote wakala zote, na mwaka uliofuata wakarudi kuomba tena.

Kwa sababu kazi ya intore si kupanda, kazi ni kuacha. Kila mti, zile mbili tatu za kwanza, zilizo chini karibu na udongo, haziliwi. Unaziacha pale ziwe manjano, ziwe rangi ya chungwa, ziwe nyekundu pyu kama nyanya, zinyauke zikiwa bado mtini. Hizo ndizo mbegu. Hata njaa ikiingia, hata mgeni akija na sufuria haina kitu, nyekundu haichumwi mpaka mwenye bustani mwenyewe ainame aichume. Nilipofika mara ya kwanza nilinyosha mkono kwenye moja, shangazi akanipiga vidole kwa mwiko. "Iyo ni mama yangu," akasema. Nikadhani amerukwa na akili. Ilichukua miezi kuelewa. Jioni moja tunachambua ndagala, wale dagaa wa ziwani, alinieleza bila kuinua macho: baba yao alipokufa, kaka zake waligawana shamba la mlimani, kwa maana mwanamke kwetu harithi ardhi, na mama yake akamwita pembeni, akafungua ncha ya kitenge chake, akamwekea mbegu mkononi. "Wanaume walipewa mulima," shangazi alisema. "Mi nilipewa iyi. Mulima waliuuza. Iyi bado iko."

Mnajua wenyewe kwamba kwa Kirundi gutora ni kuokota, na tena ni kuchagua. Kwa hiyo intore ni kile unachokula, na ni yule aliyechaguliwa. Watu wazima walilichezea sana neno hilo, na ndilo lililoleta balaa.

Alikuja kunichumbia kijana wa Gihosha aitwaye Sudi, aliyekuwa akiuza vitambaa na baba yake. Sikumkataa. Hakuwa mbaya, alikuwa anaongea kidogo na kucha zake zilikuwa safi. Siku ya posa tulifagia lupango, yaani uwanja wote wa nyumba, tangu mlangoni hadi chooni, tukaazima viti kwa majirani watatu tofauti, ndiyo maana hakuna kilicholingana na mwenzake. Shangazi alikata intore nyeupe vipande akaziloweka katika maji ya chumvi, halafu akayamwaga yale maji yaliyobeba uchungu. Sisi wa nyumbani hakutulowekea kamwe. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Mugeni anapewa tamu. Mutu wa nyumba anapewa kweli." Zikaenda mezani na mawese, ndagala na kitunguu, na mimi nikafichwa nyuma ya pazia kama inavyotakiwa, jicho moja kwenye tundu la mshumaa.

Mnajua posa zetu, maneno hayaendi moja kwa moja. Mshenga wao, mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, alisimama akakohoa kikohozi cha heshima. "Asalamu aleikumu. Sisi ni watu wa njiani. Tulikuwa tunapita zetu, tukaona bustani. Mu ile bustani tukaona intore moja, nzuri, ata macho yakakataa kuendelea na safari. Ndio tumekuja kuuliza, ile intore iko na mwenyewe?" Wanawake wakacheka, Mama Sudi akajipepea na pindo la khanga. Mzee Rajabu angeweza kujibu kwa maneno matatu. Lakini alipenda kusikia sauti yake, na siku hiyo alikuwa amevaa kanzu mpya. Akainuka. "Waleikumu salamu. Bustani iko na mwenyewe, na mwenyewe ni mimi." Nyuma ya pazia nilimsikia shangazi akivuta pumzi. "Tumepalilia, tumemwagilia, mbuzi tumefukuza. Leo mulango nimefungua. Ingieni, muchume ile mumeona imeiva!" Vigelegele. Watu wanapiga makofi, mshenga anafuta jasho kwa furaha. Na katikati ya makofi hayo Mama Sudi akainuka, mwanamke mpana, mwenye haraka, akachukua kapu kwa mtumishi wake aliyekuwa amelileta na zawadi, akatoka mlango wa nyuma.

Sikilizeni vizuri, kwa sababu watu husema alifanya kwa dharau. Hapana. Nimefikiri miaka mingi, nami simsingizii maiti. Alidhani ni desturi ya nyumba yetu. Aliambiwa mbele ya mashahidi aingie bustanini achume zilizoiva, akaingia, akatazama, akaona nyekundu, na katika nyumba yake ya Gihosha kitu chekundu cha mviringo ni nyanya. Nyeupe akaziacha, akaona bado mbichi. Alichuma nyekundu zote, mti kwa mti, ameinama, anaimba kidogo puani. Tulipofika jikoni alikuwa kwenye mstari wa mwisho. Shangazi alisimama mlangoni. Neno la mwenye nyumba lilikuwa limetoka. Kumnyang'anya mgeni kapu siku ya posa ni kumtukana yeye na wafu wake. Na miti yenyewe ilikuwa imechoka, majani manjano, kiangazi kiko mlangoni. Ile miti isingezaa tena. Kilichokuwa mle kapuni ndicho kilikuwa chote.

Nikatoka. Mwari hatoki, najua, mimi nilitoka, kichwa kikiwa na mafuta ya sherehe na miguu haina viatu. "Mama, shikamoo. Izo aziliwi. Ni mbegu. Tafadhali uturudishie."

Mama Sudi alinitazama kana kwamba mti umesema. "We ndiye Zena? Kwenu wari wanatoka inje kupigania nyanya?"

"Si nyanya, mama. Ni intore."

"Muzee wa nyumba aliniambia nichume. Muzee, ulisema ao ukusema?"

Mzee Rajabu alikuwa amefika na kanzu yake. Angeweza kucheka, akasema, shemeji, tulikuwa tunapamba maneno tu. Watu wangecheka wote na kapu lingemwagwa mkekani. Lakini mshenga alikuwa anamtazama, na Mzee Rajabu alikuwa mtu wa kupendelea kuharibikiwa kuliko kuchekwa. "Nilisema," akajibu. "Neno limetoka."

Basi nami nikasema. Sikupiga kelele. Nilisema kwa sauti ya kuhesabia vitu sokoni: "Neno limetoka, na limetimia. Mulisema mumeona intore, mumekuja kuichuma. Muzee akasema muchume. Mumechuma, iko mu kapu. Sasa mi nabaki. Safari njema."

Sudi alitazama kucha zake. Mshenga akavua ile kofia ya kufuma, akaikung'uta, kwa sababu yaliyomrudia yalikuwa maneno yake mwenyewe. Kisha Mama Sudi akatengeneza khanga kichwani, akashika kapu kwa mikono miwili, wakaondoka wote, limonadi zimefunguliwa hazijanywewa, na ile sahani ya intore tamu imebaki katikati ya meza na nzi.

Katika nyumba ile hakuna aliyesema nami. Majirani walipokuja kuchukua viti vyao walisema nami sana. "Umekataa duka la vitambaa kwa ajili ya mboga!" Mama Feri wa nyumba ya pili aliuliza kama nina pepo. Mzee Rajabu aliamua asubuhi, wakati wa chai, akimwambia shangazi huku akinitazama mimi: niende Gihosha, nipige magoti, niombe msamaha, nisipoomba, nisirudi chini ya bati lake. Shangazi aligeuka upande wa bustani. Alikuwa anatazama ile miti iliyonyang'anywa, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefiwa ambaye bado hajaambiwa maiti iko wapi. Huo uso ndio ulionipeleka Gihosha. Si bati.

Nilikwenda kwa miguu, nikapanda kile kilima jua likinipiga kisogoni. Kwao kulikuwa na ukuta, geti la chuma, na nyuma migomba. Mama Sudi alikuwa amekaa mkekani uani anachagua mchele. Nilimwamkia, nikamwambia nimefuata mbegu zetu. Akacheka, lakini hakufurahi.

"Kumbe kweli ni intore! Nimezipika na nyama, nyama nzima nimeimwaga. Baba Sudi alitema mbele ya wageni! Zilizobaki nimezitupa mbichi. Ziko kule." Akaonyesha kwa kidevu. Chini ya migomba, jalala: maganda, majivu, mifupa, kuku wawili wanachakura.

"Naomba nizichukue, mama."

"Utachukua. Kwanza piga magoti apa mbele ya mukeka yangu. Sema, nisamehe mama, nilikosa. Baada ya ayo mi nitaongea na mutoto wangu. Ata arusi inaweza kurudi. Mi si mutu mubaya."

Hakuwa mtu mbaya. Na lilikuwa jambo dogo, mtasema ninyi, maneno matatu tu na kila kitu kingerudi mahali pake: mume, duka, bati la Mzee Rajabu. Lakini ningeomba msamaha wa nini? Wa kuiita mbegu mbegu? Ningelisema, lingesimuliwa, na tangu siku hiyo ingekuwa mimi ndiye niliyekosa, na lile kapu lingekuwa halali. Nikamwambia, "Mama, mi sikukukosea." Nikampita, nikaenda mpaka jalalani, na pale nikapiga magoti.

"Yalaa! Muone! Anapigia takataka magoti, mi ananikatalia!" Mchele ulimwagika, nilisikia. "Adija! Adija we! Leta maji ya vyombo, umumwagie, labda akili itarudi!"

Nilikuwa nimeingiza mikono hadi kwenye viwiko. Kuku walikuwa wamezidonoa nyingi, nyingine zimekanyagwa na kupondeka, nyingine zilikuwa zimepikwa na hizo nilizitupa, mbegu ikichemka imekufa. Nikapata moja nzima. Nikapata nusu. Nikasikia ndala zinakuja na beseni linabubujika, nikainamisha kichwa na kufunika zile mbili kwa tumbo langu, kwa sababu maji yangekuwa na sabuni na mafuta. Adija alisimama juu yangu. Alikuwa wa rika langu, alikuwa anapumua kwa nguvu. Kisha maji yakamwagika, yote, pwaa, kwenye mgomba, pembeni. Akainama kana kwamba ananizomea. "Angalia chini ya ile ganda ya nanasi," akaninong'oneza. "Nilizitupa mi mwenyewe. Ziko tatu." Na akaenda zake na beseni tupu, anacheka puani ili mama yake asikie anacheka.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Magoti, ndiyo. Msamaha, hapana.

Niliporudi Kinama, Mzee Rajabu alikuwa ameweka kiti chake katikati ya mlango. "Umeomba?" "Apana." Akatazama magoti yangu meusi, akatazama fundo la khanga mkononi. Alikuwa anatafuta neno la kupamba. Shangazi akatokea nyuma yake, na nilimsikia kwa mara ya kwanza akisema na mumewe kwa sauti ambayo jirani angesikia. "Muzee. Bustani yangu uliwafungulia watu bila kuniuliza. Sasa nyumba utamufungia mutoto wangu?" Mzee Rajabu akasimama. Kisha akainua kiti, yeye mwenyewe, akakiweka pembeni. Tangu siku hiyo, akiitwa kusema kwenye posa za watu, alikuwa anasimama na kusema, "Binti anaitwa fulani. Tunamutoa," na anakaa. Watu walidhani ni uzee.

Shangazi hakunikumbatia, hakulia, si desturi yetu. Alipasua zile nyekundu kwa kidole gumba ndani ya bakuli, akaziosha, akazichanganya na majivu, akazianika kivulini juu ya ungo, na zilipokauka akazifunga kwenye jani la mgomba juu ya mbabula ili moshi uzipitie. Nusu yake. Nusu nyingine alichukua ncha ya kitenge changu, si chake, akaifungia humo fundo gumu. "Izi ni zako," akasema. "Uolewe ao usiolewe." Niliolewa, baadaye, na mtu aliyekula uchungu wangu bila kuomba maji, Mungu amrehemu. Lakini fundo lilikuwa langu kabla yake.

Leo bustani yangu mnaijua. Baba yenu mkubwa alitaka kumwaga sementi apate mahali pa gari, nikamwambia gari lilale kwa aliyelinunua. Fundi alikuja na mchanga, nikakaa kwenye kigoda katikati ya miti mpaka akapakia mchanga wake. Mnacheka, mnasema Bibi ni mgumu. Mlitaka nani awatunzie, mtu mlaini? Mnanunua mbegu za pakiti, zinaota, mnakula, mnarudi kununua, kama wale majirani wa Kinama, mkono nje daima. Mimi kwenye jambo hili sijawahi kunyosha mkono kwa mtu tangu jalala lile.

Jana Adija alipiga simu. Alisema anakuja leo baada ya sala ya Ijumaa, anataka mbegu za kupanda kwake, na anataka kuwaambia watoto wake habari ilivyokuwa, kwa mdomo wake, mbele yangu. Nikamwambia aje. Asubuhi nimechuma nyekundu tatu, mimi mwenyewe, nimeinama mwenyewe ingawa mgongo ulilia, nimeziweka juu ya kabati na asiziguse mtu. Sasa hivi nasikia anabisha hodi getini na kile kicheko chake, na jikoni nawasikia ninyi mnanong'ona, mmeshakata intore za chakula cha mgeni, mmeshatia chumvi kwenye beseni, mmoja anauliza ziloweke mpaka saa ngapi. Nimeweka kalamu chini nikawaambia, na naliandika ili lisibadilishwe na mtu nikifa: zitoeni humo, ziende motoni kama zilivyo. Huyu si mgeni.